Rangi Zilizotupwa Kisimani

Alikuwapo sultani, na juu ya kila sultani yupo Mwenye Enzi asiyevuliwa, na sultani huyu jina lake Mundhiri bin Sabiti, na mji wake Zahuri, mji uliosifika kwa hariri na zari, na wanawake wake wakipita sokoni ungedhani bustani imeng'oka inatembea. Lakini mkewe, Bibi Thuraya, alipofariki, Sultani akaamuru rangi zote zitupwe kisimani na kisima kifunikwe jiwe, na watu wavae kaniki nyeusi na bafta nyeupe, basi. Ikapita miaka saba, hata watoto wakawa wakiulizwa rangi ya embe bivu, hulinusa kwanza ndipo wajibu.

Mjini humo alikaa msichana mshonaji, Ruzuna binti Mbaruku, ambaye marehemu mama yake alimwachia sindano moja na mto uliofichwa nyuzi za rangi ndani yake. Bibi harusi akija kwake humnong'oneza, "Shoga, nitilie kidogo," naye humtilia ndani ya pindo, pasipoonekana, mshono mwekundu kama hina iliyokolea. Mwenye mimba hutaka kijani, na mama aliyesafiriwa na mwanawe hutaka samawati, awe akilipapasa pindo akimkumbuka. Basi watu walitembea weusi nje, na ndani mwao mnawaka taa ndogo.

Siku moja kaniki ya mke wa Waziri ikanaswa na msumari mlangoni mwa kasri, pindo likafumuka, kijani kikachungulia. Mwenyewe akamtaja mshonaji hata kabla hajaulizwa.

Ruzuna akaletwa mbele ya Sultani, akamkuta kajifunika mashuka matatu, na jua la saa sita linachoma nje.

"Mkono ulioshona rangi katika mji wangu," akasema Sultani, "ni wa kukatwa. Una la kusema?"

"Bwana wangu, mkono huu ndio chakula changu. Nikate kingine."

"Labda ulimi," akadakia Waziri, "maana huo una ziada."

Sultani hakucheka. Akasema taratibu, "Tangu miaka saba kila nguo nivaayo naiona baridi, kama iliyoanuliwa na umande. Nishonee kanzu ya kunipasha moto. Nakupa siku saba. Ukishindwa, mkono."

Ruzuna akatoka hajui aendako, na miguu yake ikamfikisha kwenye kisima kilichofunikwa. Akaketi juu ya jiwe akalia, na chozi likapenya ufani, likaanguka chini kabisa. Mara jiwe likajisogeza pole, kama mtu anayempisha mgeni, na moshi wa zambarau ukapanda, na ndani yake jini mkubwa, ndevu zimemlowa rangi ya nili.

"Miaka saba sijaona mtu," jini akanung'unika, "na anayekuja hana hodi wala salamu, ananidondoshea chumvi!"

"Hodi, babu, na uniwie radhi. Sikujua kuna mwenyewe."

"Babu! Haya, umenipatia. Mimi Sabaghi, mtumishi wa rangi. Zilipotupwa, nikatupwa nazo. Sema shida yako."

Akaisema yote. Jini akazama, akarudi na nyuzi za hariri, akamwekea mapajani mmoja mmoja, na kila alipougusa Ruzuna aliota na macho yake yako wazi: mwekundu ukamletea vigelegele masikioni, wa kijani ukanukia mvua juu ya mchicha, wa samawati ukamshusha pumzi mpaka kitovuni. Lakini wa manjano, kidole kilipoufikia, ulilia.

"Huu una nini, babu?"

"Huo umekataa kuyeyuka. Nyingine zilitupwa na askari, huo aliutupa Sultani kwa mkono wake. Bibi Thuraya alikuwa akimdarizia kanzu nao, na shingo ilipofika nusu akampelekea aone. Naye mbele ya watu akasema, 'Bizari hii, mimi mpishi?' Bibi akacheka, akaikunja. Siku ya tatu homa ikamchukua."

Ruzuna akauviringa uzi ule kidoleni. "Na kanzu iko wapi?"

"Iko kwa Bibi Msiwa, yaya aliyemlea Sultani."

"Babu, Bwana huyu hazichukii rangi. Huyu amekaa eda."

Jini akacheka mpaka kisima kikatoa povu. "Eda! Mwanamume?"

"Ndiyo. Mwanamke akifiwa, ikitimia miezi minne na siku kumi, wenziwe humwendea wakamtoa, akaoga, akavaa rangi. Yeye aliingia peke yake, na kwa kuwa ni mwanamume, hapana aliyekwenda kumtoa."

Siku ya saba Ruzuna akaingia kasrini na kanzu ile mikononi, na nyuma yake Bibi Msiwa kabeba beseni la maji ya marashi.

"Ajabu!" Waziri akapaza sauti. "Wamekuja kumwogesha mfalme!"

"Nyamaza wee," akasema Bibi Msiwa. "Huyu nilimwogesha kabla hajalijua jina lako."

Sultani akaiona shingo ya manjano, akasimama, mashuka yakamdondoka.

"Nani aliyekwambia?"

"Bwana wangu," akasema Ruzuna, "nusu ya kushoto ameishona marehemu Bibi Thuraya, na nusu ya kulia umeishona mkono huu, nao ukipenda utaukata. Lakini eda yako imekwisha zamani. Tumekuja kukutoa."

Sultani akaipapasa shingo ya kanzu.

"Ilikuwa nzuri," akasema Sultani, kwa sauti ya mtoto. "Niliona haya tu, mbele ya watu."

Bibi Msiwa akammwagia maji kichwani, na hapana aliyejua yapi maji na yapi machozi. Akapelekwa ndani, akarudi amevaa, amesimama, na jasho linamtiririka kipajini.

"Fungueni madirisha," akasema. "Nasikia joto."

Kisima kikafunguliwa, na jini Sabaghi akapewa soko zima alitie rangi apendavyo. Mwaka ulipopita Sultani akamposa Ruzuna, na Ruzuna akataka mahari ya nyuzi za hariri mizigo arubaini, na sharti moja.

"Nikikushonea kizuri, Bwana wangu, kisifu mbele ya watu. Kibaya, niambie tukiwa wawili."

Sultani akakubali mbele ya baraza zima, na wakaoana, wakajaaliwa mali na wana. Nasi tulioachiwa kisa tushike hili: anayekushonea amekutilia moyo wake katika uzi, basi umsifu angali anasikia. Hapa natia fundo, nakata.