Alama za Nankanga na Twahiru

Kila zama na kitabu chake, walinena wahenga, maana mambo ya wakati mmoja hayapimwi kwa mizani ya wakati mwingine. Mwalimu Mwasiti aliifundisha methali hiyo kila mwaka. Maana yake ilimwingia siku ya mkutano wa kijiji, pale Kitaya.

Shule mpya ilikuwa imekamilika, ila haikuwa na jina. Wengine walimtaka marehemu Abdulkarimu Nankanga, aliyekiongoza kijiji enzi za vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Wengine walimtaka Twahiru, mwenyekiti aliyestaafu juzijuzi. Majirani wakawa wananuniana hata kisimani, ndipo Mwasiti akaombwa awapime viongozi hao kwa alama.

Akaweka vigezo vitano: barabara, madarasa, zahanati, visima na umeme. Kila kimoja alama kumi. Mbele ya umati akasoma matokeo.

"Twahiru, arobaini na sita. Marehemu Nankanga, nne."

Upande mmoja ukalipuka kwa vigelegele. Upande wa pili ukanywea kama uliomwagiwa maji. Bi Zulfa, binti wa Nankanga, akajifunika uso kwa kanga.

Twahiru mwenyewe akasimama.

"Mwanangu mwalimu, kazi umeifanya. Lakini mimi nilivuka mto huu mgongoni mwa mama, mabomu yakilia nyuma yetu. Nankanga alitufungulia ghala lake la makopa ya mihogo, tukala mpaka msimu mwingine. Hilo umelipatia alama ngapi?"

Mwasiti akaitazama karatasi. "Sikulipatia hata moja, baba."

"Umeme angeutoa wapi yule mzee? Sisi tulihitaji uhai! Asingetulisha, leo madarasa ningemjengea nani?"

Mwasiti aliona haya, kisha akacheka, akaichana karatasi vipande vipande. "Basi nauliza upya," akapaza sauti. "Wakati wa kila mmoja ulihitaji nini, naye alitoa nini?"

Wote wawili walipewa kumi kwa kumi, na Twahiru akakataa katakata kushindana na aliyemlisha. Shule ikaitwa Nankanga, pande zote zikiridhia. Bi Zulfa akamvisha Twahiru kanga yake mabegani, ngoma zikarindima, na walionuniana asubuhi wakacheza wameshikana mikono, Mwasiti katikati yao akitoka jasho kwa furaha.

Ama kweli, kila zama na kitabu chake.