Kibapa, Tegu na Tumbo la Mbuzi

Zamani sana, wanangu, minyoo bapa wote walikuwa ukoo mmoja, nao waliishi katika kijito kimoja. Mkubwa wao alikuwa Tegu, mrefu kama utepe, mwenye kulabu kichwani. Wa pili alikuwa Jani, kwa sababu umbo lake lilifanana na jani la mpera. Kitinda mimba alikuwa Kibapa, asiyezidi ukucha wa kidole. Siku hizo wote walikuwa na macho na vinywa.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Kijito kikakauka, pakabaki kidimbwi na jiwe moja lenye unyevu chini yake. Chini ya jiwe hilo ndipo alipoishi Kibapa.

Tegu akamjia. "Mdogo wangu, toka. Hapa tutakaa mimi na Jani."

"Kaka, nikipigwa na jua nitakufa kabla ya adhuhuri."

"Basi kufa."

Kibapa hakubishana. Akajivuta mpaka kwenye tope la ukingoni, akajificha humo. Mchana Mbuzi akaja kunywa maji, gugu gugu gugu. Kibapa akamtazama sana, kisha akarudi kwa kaka zake.

"Nilikwenda kuomba nyumba ndani ya Mbuzi," akasema. "Nimekataliwa."

"Nyumba gani hiyo?" Tegu akauliza.

"Ina joto na maji mwaka mzima. Chakula huja kimetafunwa tayari. Ni giza tu. Lakini Mbuzi anasema ni ya wakubwa, wenye kulabu za kushika ukuta."

"Wewe ungekataliwa popote," Tegu akasema. "Jani, twende."

Wakapanda juu ya unyasi. Mbuzi akaung'oa, nyaku, akameza. Tegu akashika ukuta wa utumbo, akajitandaza kote. Jani akakosa nafasi, akapenya mpaka kwenye ini, akahamia huko.

Kibapa akarudi chini ya jiwe lake.

Miezi ikapita, mvua ikanyesha, kijito kikajaa. Mbuzi alipokuja kunywa, Kibapa akasikia sauti hafifu tumboni mwake.

"Mdogo wangu, nataka kurudi. Mlango siuoni. Macho yamekufa, na kinywa kinaziba."

"Pole, kaka."

"Ulinidanganya."

"Sikumwomba Mbuzi nyumba, wala hakunikataa; hilo nilikudanganya. Lakini giza nilikuambia."

"Hukuniambia kwamba macho hufa gizani."

"Hilo hata mimi sikulijua," Kibapa akajibu.

Mbuzi akamaliza kunywa, akapanda kilimani.

Tangu hapo Tegu hukaa matumboni, hana macho wala kinywa. Jani hukaa kwenye ini. Na Kibapa yuko mtoni, chini ya mawe.

Basi wanangu, anayemtoa mwenzake nyumbani kwake kwa nguvu ni rahisi kudanganywa, maana kila nyumba anayoisikia huiona ni haki yake.