Bwana Shangwe na Usinga Wake

Paukwa!
Pakawa!
Mlango je?
Tumefunga!
Fungeni kweli, maana ninayemleta leo huingia kwa ngoma.

Hapo kale aliingia mji wa Mkuyuni mtu mrefu aitwaye Bwana Shangwe, na kundi lake la wachezaji wenye vinyago. Mkononi alishika usinga wa mkia wa ng'ombe. Akiupunga, ngoma hulia. Ngoma ikilia, watu hucheza. Wakicheza, hawawezi kuacha.

Msichana mmoja, Kibibi, alikuwa akitwanga nyumbani, kishindo cha mchi kikaifunika ngoma, kikamwokoa. Alipochungulia, alimwona mdogo wake Siwatu uwanjani, nyayo zikivuja damu, uso umeanza kukauka kama ubao. Ndipo akaelewa. Wale hawakuvaa vinyago, jamani. Ndizo nyuso zao. Na Bwana Shangwe alikwisha kutangaza kuwa siku ya tatu, jua likichwa, ataondoka na wachezaji wote.

Kibibi akaogopa sana. Hata wewe unayejifanya shujaa hapo, ungekimbia. Yeye akaziba masikio kwa pamba.

Siku ya kwanza alimpelekea mgeni maji. Akapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto unapunga. Siku ya pili, wali. Akala kwa mkono wa kulia, wa kushoto unapunga. Siku ya tatu akambebea jembe zito.

"Mgeni siku mbili, bwana. Ya tatu mpe jembe."

Bwana Shangwe akacheka. Alijivunia adabu kuliko kitu chochote, na zawadi ya mwenyeji hupokewa kwa mikono miwili. Basi akauuma usinga kwa meno, akalipokea jembe huku akitikisa kichwa. Ngoma ikazidi. Usoni Siwatu alibakiwa na macho tu, kwingine kote ubao.

Kibibi akapiga goti. "Shikamoo, bwana."

Mtu mzima haachi shikamoo bila jibu.

"Marahaba," akasema, na usinga ukaanguka.

Kibibi akaunyakua, akautupa kwenye moto wa kupashia ngoma. Bwana Shangwe akatoweka kama moshi. Watu wakaanguka chini wakilia, nyuso zikawarudia. Wale wa zamani, aliokuja nao, walibaki wamesimama, ubao mtupu.

Kibibi akamlaza mdogo wake, akatoa pamba masikioni. Siwatu alilala fofofo, lakini mguu wake mmoja ulikuwa bado unacheza. Kibibi akaushika. Mpaka leo ameushika.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na huyo anayegongagonga mguu huko nyuma, aache.