Togwa Iliyolala Chini ya Kitanda cha Jumbe

"Nani ana ngano?"
"Wewe!"
"Nani ana masikio?"
"Sisi!"
"Na nikitia chumvi?"
"Tutalamba!"
"Na ikizidi?"
"Tutaomba maji!"

Basi sogeeni karibu, maana hii ya leo hakuna mwingine anayeijua yote. Wengine wana mkia wake tu. Mimi nina kichwa, kiwiliwili, mkia, na kwato nne za nyongeza.

Hapo kale, ng'ambo ya kinamasi, paliondokea nchi ya wanyama, na wanyama wakataka Jumbe. Kiboko akajitokeza kuomba kura. Akapita mlango kwa mlango, puu! puu! puu!, kata ya kunywea mkononi, na neno lake lilikuwa moja.

Kwa Nyani akasema, "Kura moja, kata moja!"

Kwa Nguruwe akasema, "Kura moja, kata moja!"

Kwa Mzee Kobe, ambaye hasikii vizuri, alilisema mara tatu na kuigiza kunywa.

Maana yake ni kwamba ukimpa kura, kila siku ya soko utakunywa kata ya pombe kwake, bure. Wanyama wakampa kura mpaka kura zikazidi wanyama. Kiboko akawa Jumbe. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kukijaza kile kiti cha barazani, akawa hakimu pia papo hapo.

Siku ya soko ya kwanza wakaja na kata zao. Wakamkuta Karani Kasuku amekaa juu ya mlango. Kasuku hakuwa na kalamu. Neno likimwingia sikioni halitoki, na ukimwuliza analitema lile lile, pamoja na kikohozi cha aliyelisema.

"Krrr! Sheria ya Kwanza! Kila mnyama yuko huru kufanya apendalo. Sheria ya Pili! Mwenye nyumba itakayokutwa na pombe atafungwa kamba kwenye kinu cha Jumbe, atwange mwaka mzima. Imeandikwa!"

Nguruwe akakuna shingo. "Lakini sisi tunachopenda ni pombe."

"Hebu soma tena ile ya kwanza," akasema Nyani.

Kasuku akasoma tena. Haikusaidia.

Tangu siku hiyo Kiboko akawa anazunguka na pua yake. Akikuta pombe kwa mtu, anabeba mtungi. "Kielelezo!" Kielelezo kinaingia chumbani kwake. Siku ya shauri kinatoka mtungi mtupu.

"Kimekauka," Kiboko anasema, huku anajifuta mdomo.

"Krrr! Kimekauka! Imeandikwa!"

Na mwenye nyumba anakwenda kinuni. Nguruwe akaenda kinuni. Nyani akaenda kinuni. Twa! Twa! Twa!

Sasa, juu ya boriti ya lile baraza alikuwa akikaa Komba. Mdogo, unaweza kumfunika kwa kofia na ukasahau ulimweka wapi. Macho kama vibakuli viwili. Najua mnasema mtu kalewa kama komba, wala sikatai, lakini ulevi wake mkubwa ulikuwa sheria. Wenzake wote wa ukoo walilala mchana. Yeye alikesha mchana kusikiliza mashauri. Maneno ya mahakama aliyatafuna kama wengine wanavyotafuna mua. Ukimpa tunda bovu, "Napinga!" Ukimkanyaga mkia, "Nitakata rufaa!"

Aliyemlea alikuwa Shangazi Nungunungu. Kwa kupika pombe hapakuwa na wa kumfikia kuanzia kinamasi mpaka mlimani. Sheria ilipotoka akaiacha pombe, akawa anapika togwa tu, ule uji wa mtama uliotiwa kimea, mtamu, hata mtoto ananyweshwa.

"Wewe Komba," alikuwa akimwambia, "hizo sheria utazila na mboga gani?"

"Shangazi, sheria hazili mtu wala haziliwi. Zinangojewa."

"Haya, ngoja. Mimi napepeta mtama."

Asubuhi moja akiwa anapepeta, puu! puu! puu! Pua ikaingia mlangoni, na Kiboko akafuata baada ya kitambo.

"Nungunungu! Mtungini mna nini?"

"Togwa, Mheshimiwa. Ya jana."

"Ni pombe."

"Ni togwa, baba. Haijalala hata siku mbili."

"Mimi nikisema pombe, ni pombe. Nyati! Mlete barazani, na mtungi wake."

Nyati alikuwa askari. Hakuwa na maneno mengi wala mawazo mengi. Alikuwa na kamba, na alikuwa na utii. Sheria ikisema funga, anafunga. Funga nani, hilo hakuwahi kuuliza.

Barazani wanyama wakajaa. Kamba ikanyooshwa. Imeshagusa miiba ya Shangazi, mara tup! Komba akadondoka kutoka kwenye boriti, akatua juu ya meza ya hakimu.

"Pingamizi!"

Kiboko akamtazama kama unavyotazama nzi kwenye mchuzi. "Wewe nani?"

"Wakili wa mshtakiwa."

"Umesomea wapi?"

"Hapo juu." Akaonyesha boriti.

Baraza likacheka, Kiboko akacheka kuliko wote. "Haya, wakili wa boriti. Sema utakayo. Ila ukishindwa, kamba hii inawatosha wawili."

Mkia wa Komba ukapata baridi. Mwaka mzima kinuni, mchi wenyewe mrefu kumshinda mara tano! Shangazi akamnong'oneza, "Panda urudi juu, mwanangu. Mimi nimeshazeeka, nitatwanga." Komba akatamani kupanda. Miguu yake miwili ilikuwa imeshageukia nguzo. Lakini akaiona ile mikono ya Shangazi, bado ina pumba za mtama, akairudisha miguu yake mahali pake.

"Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa, kabla ya kufunga tuonje."

Kasuku akaonja. Nyati akaonja, akafikiri, akaonja tena.

"Tamu," akasema Nyati. "Haiwashi."

"Krrr! Haiwashi! Ni togwa! Imeandikwa!"

Baraza likapiga vigelegele. Kiboko akanuna, masikio yakamcheza prrr! prrr! Na hapo, badala ya kushangilia, Komba akaanza kutetemeka mwili mzima.

"Mheshimiwa, nakupigia magoti. Maliza shauri leo leo. Lolote ufanye, lakini usiahirishe. Maana togwa ikikaa siku nne..." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na mkia juu yake.

"Ikikaa siku nne inakuwaje?"

"Sijasema kitu."

Kichwa cha Kiboko ni kikubwa, na wazo likiingia huchukua muda kufika. Hili lilipofika, meno yote yakatoka nje.

"Shauri limeahirishwa! Siku nne!"

"Tumekwisha!" Komba akapiga kelele. "Basi mtungi urudi kwa Shangazi, ukae kwake."

"Kwenu? Mkaumwage? Utakaa nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu, na asiuguse mtu! Nimesema!"

"Krrr! Nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu! Imeandikwa!"

"Na usitiwe muhuri, Mheshimiwa, tafadhali..."

"Tia muhuri!"

Nyati akafunika mtungi kwa jani la mgomba, akafunga kamba, akapaka tope, na Kiboko akabandika pua yake kwenye tope. Huo ndio ulikuwa muhuri wa serikali.

Njiani Shangazi hakumtazama Komba. Walipofika nyumbani akamtazama, na ingekuwa afadhali asingemtazama.

"Umeniuza! Mimi nilikufundisha kutembea, wewe unanionyesha njia ya kinuni? Mtoto mdogo anajua togwa ikilala siku nne inakuwa nini!"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, inakuwa."

Siku nne hizo Komba hakula. Hesabu yake ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe ni mdomo wa Kiboko. Kiboko akiinywa ile togwa kabla ya siku, atasema imekauka, na imekwisha habari ya Shangazi. Kila jioni Komba akaenda kubandika sikio lake kwenye ukuta wa Jumbe.

Siku ya kwanza, kimya.

Siku ya pili, chwe, togwa imeanza kuchacha.

Siku ya tatu, chwe, chwe. Na ndani Kiboko akisikika anajigeuza kitandani, anameza mate, anajisemea, "Vumilia, Kiboko, vumilia. Ukiifikisha barazani, Nungunungu ni wako. Hatatwanga huyo. Mwaka mzima atakupikia wewe peke yako."

Komba akaomba kimoyomoyo, "Vumilia, Mheshimiwa, vumilia."

Siku ya nne, chwe! chwe! chwe! Jani la mgomba likavimba kama kitambi cha diwani.

Asubuhi yake Nyati akaingia barazani na mtungi, muhuri mzima, pua nzima. Kamba ya jani ikafunguliwa. Puff! Povu likapanda, likamwagika, na harufu ikazunguka baraza zima. Mzee Kobe, ambaye hasikii, alikuwa wa kwanza kusogea.

Kiboko akasimama. "Wakili wa boriti! Hii ni nini?"

"Pombe, Mheshimiwa."

Shangazi akafumba macho.

"Rudia wasikie!"

"Pombe. Kabisa. Nzuri mno."

"Amekiri! Nyati, kamba!"

"Kamba, ndiyo," akasema Komba. "Lakini kwa heshima na taadhima, Karani atukumbushe Sheria ya Pili."

"Krrr! Mwenye nyumba itakayokutwa na pombe atafungwa kamba kwenye kinu cha Jumbe, atwange mwaka mzima!"

"Ilipotoka kwa Nungunungu ilikuwa nini?"

"Krrr! Haiwashi! Ni togwa!"

"Na pombe hii imekutwa kwa nani?"

Kasuku akakitoa kikohozi cha Kiboko kwanza, kisha sauti ya Kiboko. "Nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu, na asiuguse mtu! Nimesema!"

Baraza zima likamgeukia Kiboko.

"Hicho ni kielelezo!" Kiboko akapaza sauti.

"Kielelezo kilikuwa togwa, Mheshimiwa, imeandikwa. Kama unayo hiyo togwa, ilete." Komba akamgeukia Nyati, akasema polepole, "Askari, sheria inasemaje?"

Nyati akafikiri. Hakuzoea, tumsamehe kwa kuchelewa. "Inasema funga."

Akaenda, akapitisha kamba kwenye mguu wa Jumbe.

"We! Mimi ndiye sheria!"

"Basi nafunga na sheria," akasema Nyati, akakaza fundo la kwanza.

Kiboko akatoka lile jasho lake jekundu. Komba akaruka, akatua begani kwake, akamwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, njia ipo. Kama si pombe, hakuna kosa."

"Si pombe!" Kiboko akanguruma. "Natoa hukumu! Ni togwa!"

"Pamoja na povu?"

"Pamoja na povu!"

"Inawasha ulimi?"

"Togwa ya kuwasha ulimi!"

"Imelala siku nne?"

"Hata ilale kumi! Ni togwa!"

"Na ikiwa ni togwa kwa Jumbe, ni togwa kwa Nungunungu, na kwa Nguruwe, na kwa Nyani?"

"Kwa wote! Fungua kamba!"

"Krrr! Ni togwa kwa wote! Imeandikwa!"

Nyati akafungua. Kule kinuni, twa, twa, na twa ya tatu haikuja. Nguruwe na Nyani wameshatupa michi, wanakuja mbio.

Lakini desturi ya nchi ile ni kwamba ambaye kinywaji kimeivia kwake huanza yeye kunywa, wageni waone kwamba hakina sumu. Nyati alikuwa bado amesimama na kamba mkononi, akisubiri kuona kama kweli ni togwa. Kiboko akainua mtungi. Gulu, gulu, gulu, gulu. Wote. Akaushusha.

"Tamu," akasema, jicho moja huku, moja kule. "Hai... haiwashi."

Kisha akaanza kuimba wimbo wake wa kampeni, kura moja, kata moja, na wanyama wakaitikia "Imeandikwa!" mpaka baraza likatikisika. Alipotaka kwenda nyumbani akaukosa mlango, akatokea ukutani, puu! puu! puu!, akateremka moja kwa moja mpaka mtoni, chubwi! Huko ndiko aliko hadi leo, amezama mwili mzima, ameacha macho na pua tu juu. Anachungulia kama Nyati bado yuko ukingoni na ile kamba.

Shangazi akampikia Komba mtungi wake peke yake. Akamwambia, "Kumbe zinaliwa hizo sheria."

"Zinanywewa, Shangazi."

Na mkimsikia juu ya mti akilia kama mtoto mchanga, msimhurumie. Anakata rufaa. Alishinda, ndiyo, lakini raha ya rufaa hataki impite.

"Ngano yangu imelala!"
"Tuifunike!"
"Chumvi ilizidi?"
"Tuletee maji!"

Maji sina, nina kata hii tu. Nanyi mshike funzo: hakimu hakosei, mkubwa habishiwi, mdogo asisikilize mambo ya mahakama, na pombe ni kitu kibaya sana. Mimi mwenyewe siigusi. Na msiitazame kata yangu hivyo, wala hilo povu lisiwatishe. Ni togwa. Imeandikwa.