Godita na Baragumu la Mlinzi

Paukwa.

Pakawa.

Siri ina wangapi?

Ina wawili.

Na hapa kwenye moto tu wangapi?

Tumebanana.

Basi apeni. Wekeni mkono kifuani mseme: nikilitoa neno hili nje, ulimi wangu uote upele. Mmeapa? Vizuri. Na mimi niliapishwa hivyohivyo na aliyenipa, tena kwa ukali, nikamwahidi nitazikwa nalo. Lakini kuzikwa bado, na neno lenyewe linaniwasha. Sogezeni vigoda.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Waingereza, nchi ya ukungu na tope, palikuwa na kijiji pembeni mwa msitu. Wanormani walikuwa wamevuka bahari wakaitwaa nchi ile. Walichukua mashamba, walichukua misitu, walichukua hata paa waliomo. Sheria za zamani za wenyeji ndizo hawakuzichukua. Waliziacha palepale, wakaongeza za kwao juu.

Sheria moja ilikuwa hii: ukisikia ukelele wa mwizi, acha ulichoshika, ufuate ukelele, nawe upige ukelele. Unakanda unga, acha. Unanyonyesha, acha. Unazika, acha. Asiyekimbia, miguu yake hutiwa mkatale, lile gogo la kufungia wakosaji, watu wakimpita wanamtemea mate.

Katika kijiji hicho alikaa mjane jina lake Godita, msokota sufu, mwenye nyonga mbovu, kwa hiyo mbio za ukelele alisamehewa. Hakuwa na mume, hakuwa na mwana, alikuwa na bata bukini mmoja, mnene, mwenye maneno.

Na juu ya kilima alisimama mlinzi wa kijiji, Thurstani, na baragumu lake la pembe ya ng'ombe. Watu walimsifu. Walisema, "Sisi tunalala, Thurstani halali."

Siku moja baragumu likalia: puu, puu, puu. "Mwizi msituni!" Watu wakaacha majembe, wakakimbilia msituni, wakalia mpaka sauti zikakauka. Mwizi hawakumwona. Waliporudi, kwa mhunzi hakuna nyundo.

Siku nyingine baragumu likalia: puu, puu, puu. Wakakimbia, wakalia, wakarudi. Kwa msaga nafaka hakuna gunia.

Mara ya tatu baragumu likalia: puu, puu, puu. Wakakimbia, wakalia, wakarudi. Kwa padri hakuna kinara cha fedha.

Hapo watu wakakaa wakasemezana, na mnajua watu wakikaa.

"Kijiji kikiwa kitupu, nani hubaki?"

"Godita."

"Si ana nyonga?"

"Nyonga gani hiyo, inauma baragumu likilia tu. Juzi nilimwona kisimani, anatembea kama bibi harusi."

Godita akapelekwa mbele ya Padri Osberti. Padri akasema, "Mama, lete watu kumi na wawili waape pamoja nawe kuwa hukuiba, uende zako."

Godita akazunguka mlango kwa mlango. Akapata kumi na mmoja, wengine kwa huruma, wengine kwa jibini. Wa kumi na mbili hakupatikana. Mmoja alisema, "Ningeapa, ila mke wangu hakupendi." Mwingine alisema, "Njoo kesho." Mwingine alizima moto, akajifanya hayupo, na kikohozi chake kinasikika.

Bata akamfuata Godita kanisani. Akasema, "Padri, wa kumi na mbili ni mimi."

"Bata haapi," akasema padri.

"Kwa nini?"

"Hana roho ya kuapia."

"Na huyo aliyezima moto anayo?"

Padri akamgeukia Godita, akasema, "Kesho kutwa utabeba chuma cha moto mkononi, hatua tisa. Tutaufunga mkono. Tukiufungua ukiwa umepona, huna kosa. Ukiwa na usaha, wewe ndiye mwizi, nao utakatwa."

Godita akarudi nyumbani, akaketi, akautazama mkono wake wa kulia. Ndio uliosokota sufu, ndio uliomlisha. Akaukunja, akaukunjua.

Bata akasema, "Shoga, nikikwambia jambo utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Mwizi nimemwona. Mara zote tatu. Ni yule yule anayepuliza. Akishapuliza hushuka kilimani kwa nyuma, ninyi mkiwa msituni mnawalilia paa."

Godita akamziba mdomo kwa kiganja. "Usimtaje. Anayemwita mtu mwizi asithibitishe, hukatwa ulimi."

"Basi nyamaza, utabaki na ulimi na mkono mmoja."

"Na nikisema?"

"Huenda ukakosa vyote viwili."

Hakula siku hiyo, hakula siku iliyofuata. Kila kitu alichokishika alikiona kama chuma.

Siku ya chuma ikafika. Kijiji kizima kilijaa kanisani. Wapishi na walinzi wa ghala la bwana Mnormani aliyekitawala kijiji peke yao walibaki kazini, siku hiyo walikuwa wakitia nyama chumvi. Makaa yakapulizwa. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha rangi ya chungwa, kikawa cheupe. Padri akasema, "Mama, nyoosha mkono." Godita akanyoosha.

Puu, puu, puu. Baragumu.

"Mwizi msituni!"

Watu wakashtuka. Sheria ni sheria. Padri akaangusha koleo, watu wakamiminika nje. Kule ghalani wapishi nao wakaacha nyama, walinzi wakaacha mlango wazi, wakakimbilia msituni.

Godita akasimama kwenye ngazi za kanisa, akawaona walinzi wa ghala nao wakipita mbio. Akafikiri mkono, akafikiri ulimi. Kisha akafungua kinywa, akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua: "Mwizi! Mwizi ghalani kwa bwana!" Akaanza kuchechemea kuelekea ghalani, bata mbele yake.

Watu wakasimama katikati ya njia. Ukelele huku, ukelele kule. Ukiuacha huu, mkatale. Ukiuacha ule, mkatale.

"Tufuate upi?"

"Padri, upi?"

Padri alikuwa hana pumzi. Mke wa msaga nafaka, mwanamke mnene, akasema, "Mimi miguu inaniuma. Nafuata wa karibu."

Na wote wakafuata wa karibu.

Waliufikia mlango wa ghala. Ndani palikuwa na Thurstani. Paja la nguruwe begani, paja la pili kwapani, baragumu likining'inia kifuani. Alipowaona alitaka kusema kuwa amemkuta mwizi, lakini alikuwa amejaza jibini mdomoni. Akatafuna. Watu wakangoja. Akatafuna tena.

Na sheria yao ilisema: aliyeshikwa na mali begani haapi, haulizwi, wala hapewi chuma; huhukumiwa palepale.

Ngano naikata hapo hapo, na Thurstani hajameza. Anayepiga ukelele wa mwizi kila siku, mpekueni kwanza yeye. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, niachieni mimi, maana haya meno yangu mawili hayabagui chakula.