Shangazi Mwenye Madoa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko yao, na milango yao, na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na kijiji kimoja katikati ya mbuga. Alikaa humo Nyati, na Kifaru, na Pundamilia, na Swala, na Ngiri na kelele zake. Na pembeni kabisa, kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, alikaa Bi Nguchiro na binti yake, Sikudhani.

Bi Nguchiro alikuwa mdogo. Ukwato mmoja wa Nyati ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chake. Lakini hasira zake! Hasira zake zilikuwa za mnyama mwenye pembe.

Siku moja msiba uliingia kijijini. Mosi, mwana wa kwanza wa Bi Nyati, alishuka mtoni peke yake kunywa maji. Chui alikuwa juu ya mti. Kilichorudi nyumbani kilikuwa kilio tu.

Bi Nyati alilia mpaka macho yakamkauka. Yalipokauka, akawaita wazazi wote.

"Tunajenga boma," akasema. Hakusema tushauriane. "Boma la miiba, refu, nene. Watoto wote ndani, usiku na mchana. Asiyetaka aje anieleze mimi, mama Mosi!"

Nani angethubutu? Mfiwa habishiwi. Wakakata migunga, wakaiburuta, kwaru, kwaru! Hata Bi Nguchiro alibeba vijiti vyake vya miiba mdomoni, akamwingiza Sikudhani bomani yeye mwenyewe. Bwana Kifaru akawekwa langoni.

Ni kweli, Chui hakupata mtoto mwingine. Wazazi wakalala usingizi. Mvua zikaja, mvua zikaenda, lango halikufunguka.

Basi watoto wakaanza kuharibika. Miguu ya watoto wa Swala ikawa kama vijiti vya kuchokolea meno. Watoto wa Pundamilia wakawa wanang'atana mikia kutwa. Na Dogoli, mdogo wake Mosi, alikaa pembeni akichimba shimo kwa kwato zake, akilifukia, akilichimba tena.

Bi Nguchiro akaona, akanyamaza. Akaona tena, akanyamaza. Mpaka siku aliyompelekea Sikudhani panzi. Panzi mzima, mnono, wa kijani, angali anarusha miguu. Akamweka chini. Panzi akaruka, pwi!

"Mama!" Sikudhani akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mama yake. "Mama, kitaniuma! Kiue!"

Bi Nguchiro akamtazama panzi. Akamtazama binti yake. Ala! Mtoto wa nguchiro anamwogopa panzi! Nguchiro, wanaoua nyoka mchana kweupe! Damu ikampanda mpaka masikioni.

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Nyati, akamkuta uani anapepeta mtama.

"Hodi!"

"Karibu, Mama Sikudhani. Kuna nini? Mbona manyoya yamekusimama?"

"Dada, fungua boma."

Ungo ukatulia mikononi mwa Bi Nyati.

"Umesemaje?"

"Fungua boma. Watoto wanaoza mle ndani. Wangu leo kamkimbia panzi."

"Wako yu hai?"

"Yu hai, lakini..."

"Nimekuuliza, yu hai?"

"Yu hai."

"Basi funga domo lako!" Bi Nyati akautupa ungo, mtama ukatawanyika, chaaa! "Wako anamkimbia panzi. Wangu mimi nilizika ukwato, Mama Sikudhani. Ukwato mmoja! Siku utakayozika ukwato, njoo unisimulie habari za panzi. Toka uani kwangu!"

Bi Nguchiro alirudi nyuma hatua moja. Akageuka. Njia nzima alisaga meno, kri, kri, kri. Hata nyumba yake akaipita bila kuiona.

"Hawataki kusikia," alisema peke yake. "Haya. Wataona."

Kule majabalini palikuwa na pango alimofia chui mmoja mzee, zamani hizo. Wadudu walikuwa wameimaliza nyama yote, imebaki ngozi, kavu kama jamvi, na madoa yake yote juu. Bi Nguchiro akaiburuta nje, akaikung'uta vumbi, akajitumbukiza ndani.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ataingia bomani na ngozi hiyo. Watoto wa wenziwe watabaki wameduwaa, kwa kuwa hawajui kitu. Lakini Sikudhani alifundishwa kilio cha hatari kabla ya boma kujengwa. Yeye atalia "Chri! Chri! Chri!", kijiji kizima kitasikia, na wazazi watajionea wenyewe tofauti ya mtoto aliyefunzwa na asiyefunzwa. Mchezo utaishia hapo.

Mchana, wazazi wakiwa malishoni, akafika langoni. Na Bwana Kifaru, kama mjuavyo, ana pembe ya kutisha na macho ya bure.

"Nani huyo?"

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Mimi shangazi yao watoto."

"Marahaba. Watoto gani?"

"Lo! Ukoo mkubwa, Bwana. Nikianza kuwataja, jua litatuchwea hapa hapa."

Kifaru akasogeza pua. Ngozi ilinuka vumbi na uzee tu. Akakaza macho. "Mbona una madoa-madoa?"

"Kanga hiyo, Bwana Kifaru. Doti mpya."

"Na hicho kinachoburuta nyuma?"

"Pindo limefumuka. Mafundi wa siku hizi, unawajua tena."

"Hmm. Pita. Lakini usinitolee mtoto nje!"

Akavuta mgunga, kwaruuu! Lango likawa wazi.

Bi Nguchiro akaingia katikati ya boma, akatandaza makucha ya marehemu, akanguruma kwa nguvu zake zote: "Nguurrrr!"

Watoto wakamtazama. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyelia.

"Una nguo nzuri," akasema Dogoli. Akasogea, akaunyoosha ulimi wake mpana, akamlamba shavuni. Dogoli huyo huyo, mdogo wake Mosi, akamlamba chui!

Watoto wakamzunguka, huyu anavuta sikio, yule anahesabu madoa. Bi Nguchiro akamtafuta binti yake kwa macho, akamwona anakuja mbio, akijipenyeza katikati ya miguu ya wenziwe.

"Lia, mwanangu," Bi Nguchiro alimwomba kimoyomoyo. "Umemwona chui. Lia!"

Sikudhani akaushika mkia wa ngozi, akajifunika nao mabegani.

"Shangazi," akasema, "umetuletea nini?"

Lo, wanangu! Mle ndani ya ngozi Bi Nguchiro aliwaka hasira. Alimkasirikia Nyati. Alimkasirikia Kifaru na macho yake. Lakini zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, aliyebeba miiba kwa mdomo wake na kunyamaza siku zote hizo. Angeweza kuivua ngozi palepale. Hakuivua. Hasira ilikwisha kumpita kimo.

"Nimewaletea matembezi," akasema. "Nifuateni."

Wakamfuata wote, foleni ndefu, mpaka langoni.

"Wee shangazi!" Kifaru akafoka aliposikia vishindo vya miguu. "Nilikwambiaje?"

"Ulisema nisitoe mtoto. Sitoi mtoto, Bwana Kifaru. Natoa watoto."

Kifaru akasimama analigeuza neno hilo kichwani, huku na huku. Alipomaliza kuligeuza, mkia wa mwisho ulikwisha kupita.

Watoto walipofika uwandani, kwanza waliogopa nafasi yenyewe. Kisha mmoja akaruka. Kisha wote. Wakakimbia ovyo, wakaanguka, wakainuka, wakacheka kicheko kilichokuwa hakijasikika kijijini tangu msiba. Bi Nguchiro akawatazama, moyo ukaanza kumpoa.

Ndipo kivuli kikapita juu ya majani.

Tai!

"Chri! Chri! Chri!" akalia Bi Nguchiro. Kilio cha hatari, kile ambacho hata kifaranga wa kanga angekisikia angelala chini.

Hakuna mtoto aliyelala chini. Walisimama wakatazama juu, vinywa wazi. Mtoto wa Swala, yule mdogo kabisa, akainua mguu kumsalimu mgeni wa angani.

Tai akakunja mabawa. Vuuuum!

Bi Nguchiro akaruka na ngozi yake nzima, akamwangukia yule mtoto, akanguruma hata koo likachanika. Tai, makucha yamekwisha kufunguka, akaona chui amelalia windo lake. Akayumba, akapiga mabawa, akapaa zake akilaani.

Bi Nguchiro akabaki amelala juu ya mtoto. Hapo ndipo alipoijua hofu ya Bi Nyati, si kwa kuambiwa.

Hakupata nafasi ya kupumua. Ardhi ikatikisika, pu! pu! pu! Wazazi walikuwa wamekuta boma tupu. Mbele yao Bi Nyati, pembe chini, macho mekundu.

"Safari hii hunichukulii!" akanguruma. "Safari hii nakumaliza!"

Bi Nguchiro akachomoka kutoka kwenye ngozi, chopo! Pembe zikaichoma ngozi, zikairusha juu, ikaanguka, ikarushwa tena.

"Mpige, dada!" Bi Nguchiro akapiga kelele kutoka juu ya jiwe. "Mpige tena! Alikwisha kufa zamani huyo!"

Bi Nyati akasimama. Akaitazama ngozi tupu. Akamtazama aliye juu ya jiwe.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nitakuua!"

"Utaniua, sikatai. Lakini kwanza nisikilize! Nani kanifungulia lango? Mlinzi wenu. Nani kanilamba shavuni? Dogoli, dada, wa tumbo lako! Nani kajifunika mkia wa chui kama shuka? Wangu mimi!"

"Umewatoa watoto wetu ukawatia hatarini!" akapayuka Ngiri. "Hatari tupu! Tumemwona tai kwa macho yetu!"

"Mmemwona, na mimi nimemwona! Nusura amchukue mtoto wa Swala, na kosa ni langu, nalibeba. Nimelia kilio cha hatari, Ngiri. Hakuna aliyeinamisha hata sikio! Mnadhani nasema hakuna chui? Mnadhani nasema hakuna tai? Wapo! Ndiyo maana nawaka! Siku miiba ikioza, siku Kifaru akisinzia, mtatoa bomani watoto gani? Nyama tu zenye miguu!"

"Wewe hukuzika," akasema Bi Nyati. Sauti ilikuwa ya chini, mbaya kuliko kelele.

"Sikuzika. Na sitaki kuzika. Dada, Mosi alikwenda mtoni peke yake. Nani alimwambia atazame juu ya mti?"

Swala akamvuta mwanawe karibu. Kila mmoja alingoja kuona Bi Nguchiro akipondwa pale juu ya jiwe.

Bi Nyati alipumua kwa nguvu, mara moja, mara nyingine. Mavumbi yakaruka mbele ya pua yake.

"Mimi sikumwambia," akasema. "Nilidhani anajua."

Hakulia. Aliinua ngozi kwa pembe yake, akaibwaga mbele ya watoto, puu!

"Njooni hapa! Nyote! Huyu si shangazi. Dogoli, nusa. Nusa, nimesema! Huyu ni wa kabila lililomla kaka yako. Akiwa hai ananuka zaidi ya hivi, na hutamsikia akitembea. Atakuwa juu. Utatazama wapi?"

"Juu, mama."

"Ukimwona?"

Dogoli manyoya yalimsimama. Akatoa kisauti, "Mee."

"Hiyo ni miayo! Lia nikusikie niko mtoni!"

Dogoli akavuta pumzi, akalia. Ndege wote wakaruka kutoka mitini. Na Sikudhani akapaza sauti nyuma yake: "Chri! Chri! Chri!"

Tangu siku ile lango likawa wazi mchana na kufungwa jioni. Mtoni watoto walikwenda kwa kundi, na juu ya kichuguu palikaa mzazi mmoja mwenye macho mazuri. Kifaru hakupewa zamu hiyo. Pundamilia hakuridhika, akanung'unika msimu mzima. Na mtoto wa Ngiri alivunjika jino kwenye jiwe, kelele za mama yake zikasikika mbuga nzima.

Na Bi Nyati? Hakumsamehe Bi Nguchiro. Muda mrefu walipishana njiani bila salamu. Lakini zamu ya kwanza aliichukua yeye. Alisimama kichuguuni, shingo imemkakamaa.

"Dogoli! Usifike huko!"

"Mwache, dada," akasema Bi Nguchiro, aliyekuwa amekaa chini ya kichuguu.

"Nyamaza wewe!"

"Anatazama juu. Mwangalie. Mwache."

Dogoli alikimbia, akapita vichaka, akawa doa jeusi mbali kule. Bi Nyati akainua mguu wa mbele, tayari kumfuata. Akaushikilia hewani. Akalaani kwa sauti, akamtaja Bi Nguchiro kwa jina na ukoo wake wote.

Kisha akaurudisha mguu chini, akabaki palepale, akitazama.

Hapo ndipo ninapolitua neno langu, nanyi lichukueni: boma humficha mtoto, lakini halimpi macho.