Jina la Mikono la Mtoto wa Mkawasi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majitu na mazimwi, ni zamani ya juzijuzi, watu tayari wana simu na wenye digrii tayari tumekaa tunaangaliana, palikuwa na shirika juu kabisa kwenye milima ya Taita. Shirika la kuwasaidia watu wenye ulemavu. Lisikieni jina lake: Inuka Twende. Na ofisi yake, jamani, ilikuwa na ngazi.

Ngazi! Rampu, ile njia ya magurudumu, ilikuwepo, sikatai. Ilipanda vizuri, ikapinda vizuri, ikaishia ukutani. Mlango ulikuwa umehamishiwa upande wa pili dakika ya mwisho ili wafadhili wapigwe picha na mlima nyuma yao. Picha zilitoka poa sana.

Mkuu wa shirika aliitwa Madam Wakesho. Mwanamke wa semina. Semina, na semina ya kupanga semina. Ukimwambia una njaa anakujibu, "We are still at the assessment stage," yaani bado wanapima hali.

Lakini chini ya ile rampu isiyokwenda popote palikuwa pakavu, na watu si wajinga. Wakapageuza karakana.

Hapo alikaa Mwadime, fundi wa vyuma. Miguu yake haikumbeba tangu utotoni, ila mikono yake ilikunja bomba la chuma kama mtu anayekunja chapati. Kando yake alikaa Kilambo, kipofu, msuka kamba za katani, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Na hapo alishinda Mghoi, aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tano. Mghoi hakusikia kitu, lakini alisoma midomo, na kuongea aliongea! Aliongea mpaka redio ikaona haya.

Rafiki yake Mghoi alikuwa Mkawasi, fundi cherehani, aliyezaliwa kiziwi. Mkawasi alikuwa na mimba kubwa, mumewe yuko Mombasa kwenye vibarua.

Sasa shikeni jambo moja. Viziwi wana majina yao. Jina la karatasi ni la serikali na la kanisani. Jina la mikono ndilo la kuitwa: ishara moja, unapewa na mtu mmoja, ukishapewa limekaa. Jina la karatasi nyanya yake mtoto alikuwa ameshalikalia kabla mtoto hajatoka: "Akiwa msichana ataitwa Mkamburi kama mimi, full stop." Likabaki la mikono. Jina ambalo Mkawasi angemwitia mwanawe maisha yake yote.

Ikafika asubuhi ya ukungu. Na ukungu wa Taita si ukungu, ni blanketi. Mvua ilikuwa imeshusha udongo barabarani, magari hayapiti. Mkawasi akashika nguzo ya rampu, akapiga meza kwa kiganja. Uchungu umeanza.

"Gari la shirika liko wapi?" Mghoi akauliza.

Gari lilikuwa Voi. Lilikuwa limempeleka Madam kwenye semina ya, subirini kwanza, "Usafiri kwa Watu Wenye Ulemavu."

Mwadime akatazama baiskeli yake mpya. Magurudumu matatu, pedali za mkono, na nyuma sanduku la kubebea kabichi za sokoni. Akalitandika magunia.

"Mpakieni, tunashuka zahanati," akasema.

"Breki umeshazijaribu?" Kilambo akauliza.

"Breki ni wewe. Funga kamba nyuma, ushikilie."

Wakaondoka. Mwadime mbele kwenye usukani. Mkawasi ndani ya sanduku la kabichi. Mghoi kando, mkono kwa mkono. Kilambo nyuma, kamba kiunoni, visigino vikichimba tope kama jembe.

Walipoingia njia ya mteremko, Mwadime akasimama.

"Kilambo, sioni usukani wangu mwenyewe."

"Unaona nini?"

"Ukungu."

"Basi karibu kwangu, kaka. Huku ndiko ninakoishi."

Na Kilambo akaanza kuita njia kutoka nyuma, njia aliyoizoea kwa masikio na nyayo. Kata kushoto, nasikia kijito. Polepole, hapa kuna mawe. Kulia, kulia, we fundi, kulia kwangu na kwako ni kumoja! Baiskeli ikavuta, kamba ikakaza, Kilambo nusura alale chali, lakini hakuachia.

Mkawasi naye hakuona mikono ya Mghoi, na kiziwi asiyeona mikono yuko peke yake duniani. Basi Mghoi akaweka ishara ndani ya kiganja chake. Pumua. Niko hapa. Karibu tunafika. Pumua.

Wakafika zahanati. Sista Mshai, barakoa usoni, akapiga kelele, "Sukuma, mama! Sukuma! Mbona hasukumi huyu?"

"Sista, hata uite kwa tarumbeta!" Mghoi akamjibu, maana aliiona barakoa ikipanda na kushuka. "Toa hiyo barakoa nikuone mdomo!"

Sista akaitoa. Alichosema kwa mdomo, Mghoi akakisema kwa mikono, kwa macho, kwa mwili mzima. Aliposukuma Mkawasi, Mghoi naye akasukuma, jasho likawatoka wote wawili. Mtoto akatoka. Msichana. Akafungua mdomo wote, na mama yake, ambaye hakusikia kitu, alipouona ule mdomo akacheka mpaka sista naye akacheka.

Mchana Madam Wakesho akaingia. Gari kaliacha kwenye maporomoko, kaja kwa miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini. Na kwapani, msinicheke mimi, fulana ya shirika ya mtoto.

Mkawasi akaita watu wote kitandani. Mikono yake ikasema, Mghoi akaitia sauti: "Aliyemfikisha mtoto huyu hapa ndiye atakayempa jina la mikono. Ni nani?"

Mwadime akawa wa kwanza. "Mngembeba kwa kitu gani, kwa dua? Baiskeli nimeunda mimi. Nilijua breki hazijajaribiwa, na bado nilikaa mbele, pale pa kufia. Bila mimi angezaliwa chini ya rampu. Jina ni langu." Akazungusha kidole shavuni: gurudumu.

"Baiskeli yako ingekuwa korongoni," akasema Kilambo, akafungua viganja. Vilikuwa vyekundu, vimechunika. "Bila mimi angezaliwa hewani. Jina ni langu."

"We Kilambo, ishara utaionaje?" Mwadime akauliza.

"Sitaiona. Nitampa ndani ya kiganja." Akatafuta mkono wa Mkawasi, akatembeza vidole viwili juu yake, taratibu. "Hata kwenye ukungu ataitwa, na atajua ni yeye."

Mwadime akakohoa, akaangalia dirishani.

"Nyinyi mlileta tumbo," akasema Mghoi. "Mtoto nimemleta mimi. Bila mimi sista angekuwa bado anapiga kelele. Tena jina la mikono hutolewa na kiziwi, hiyo ni sheria yetu, haiko kwenye semina. Jina ni langu." Akaweka ngumi mdomoni, akaifungua kama ua: ule mdomo wa kwanza.

Halafu Madam akainua mkono. Chumba kizima kikacheka.

"Chekeni," akasema. "Ngazi nilijenga mimi. Gari niliondoka nalo mimi. Lakini Mkawasi mlimkuta wapi? Mlimkuta kwangu. Mimi nilimkuta nyuma ya ghala la baba yake, mwanamke mzima, hana ishara hata moja, hana jina la kuitwa, anavutwa mkono kama mbuzi. Baba yake alinifukuza, nikarudi. Akanifukuza, nikarudi. Nikamleta darasani. Ishara yake ya kwanza ilikuwa chai, na siku hiyo tulikunywa chai mpaka sukari ikaisha. Bila mimi asingekuwa na lugha ya kuuliza swali hili. Siliombei shirika. Naomba mwenyewe. Jina ni langu." Na akakoroga kikombe hewani: chai.

Kilambo akageuza uso kuelekea ile sauti.

"Kumbe Madam," akasema Kilambo, "Kiswahili unakijua."

Wakacheka tena, safari hii na Madam ndani yake.

Mkawasi akawatazama mmoja mmoja. Gurudumu. Vidole vinavyotembea. Mdomo unaofunguka. Chai. Akatazama mtoto. Na mimi hapo ninanyamaza, kwa sababu nimesoma mpaka chuo kikuu na hakuna mhadhara ulionifundisha jibu.

Sasa nyinyi mlioketi hapo, mnaojua kumchagua mchezaji bora wa kila mechi, mama amenyamazisha mikono yake na anawangoja. Kelele hazitamsaidia, hasikii. Nyosheni mkono.

Haya, mkono wako unamwelekea nani?